Viwanja vya Dar siyo baa tu

Wadau, muulizeni kijana yeyote wa Dar Ijumaa jioni: "Wikiendi hii viwanja gani?" Atakutajia baa tatu, klabu moja, na sehemu mpya ya kitimoto iliyofunguliwa jirani na kwao. Mwambie hutaki kukalia kiti cha plastiki mpaka saa nane usiku, atakushangaa. Kisha atakupa jibu ambalo nimeshalisikia mpaka nimechoka: "Sasa unataka uende wapi? Mji wenyewe huu hauna pa kwenda."

Nabisha. Tena nabisha kwa nguvu zote.

Tuanze na hilo neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu cha mjini, kiwanja ni mahali pa kujirusha. Lakini kabla hatujalibebesha mzigo huo, kiwanja kilikuwa kiwanja kweli: vumbi, magoli mawili yasiyo na nyavu, na watu wamezunguka. Viwanja hivyo bado vipo, na mwenye kutaka burudani ya Dar aanzie huko. Nenda Temeke, Tandale au Mburahati Jumapili alasiri ukakute fainali ya kombe la mbuzi. Kombe lenyewe ni beberu aliyefungwa kamba kwenye mti. Anatafuna majani yake, hana habari kwamba watu ishirini na wawili wanavunjana miguu kwa ajili yake. Kuna mtangazaji mwenye spika inayokoroma, na kila mchezaji kampa jina la staa wa Ulaya. Kuna mama mmoja anamsema refa kwa mafumbo mpaka refa mwenyewe anacheka. Kuna mihogo ya kukaanga, juisi ya miwa na karanga za kwenye karatasi. Kiingilio? Hakuna!

Wakati huo huo, wengi mnakumbuka zile mbio za mbuzi za hisani zilizoanza mwaka 2001, kule Oysterbay. Mbuzi wanashindana mbio, watu wamevaa makofia ya ajabu ajabu, fedha zinazopatikana zinakwenda kusaidia wenye shida. Sina ugomvi nazo hata kidogo, vilikuwa vituko vya heri. Ila jamani, hebu tuulizane. Mbuzi akikimbia Oysterbay, hilo ni tukio la jiji. Mbuzi akifungwa mtini Tandale, hayo ni "mambo ya uswahilini". Kwanini? Si mbuzi yule yule?

Nadhani ugonjwa wetu uko hapo. Sisi tuliosoma kidogo hatulihesabu jambo kuwa tukio mpaka liwe na mdhamini, bango na tiketi. Kilicho wazi kwa kila mtu tunakiona hakina thamani.

Chukua mfano wa Makumbusho. Kutwa nzima makonda wanapiga kelele: "Makumbusho! Makumbusho!" Maelfu wanashuka pale kila siku. Wangapi wameshajiuliza ni makumbusho ya nini? Ni Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kipo tangu miaka ya 1960. Ndani zimejengwa nyumba za asili za makabila yetu kwa ukubwa wake halisi. Unainama kuingia msonge wa Wahaya, unatoka, hatua chache unaingia tembe la Wagogo. Zipo pia siku ambazo jamii fulani hukabidhiwa uwanja, wanakuja na ngoma zao, mavazi yao na vyakula vyao. Hapo ndipo utawaona wazee wakibishana kwa ukali namna sahihi ya kupika kitu ambacho wewe hata jina lake hulijui. Na huenda ni kabila lako!

Ukienda katikati ya mji, Mtaa wa Shaaban Robert kuna Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Lile fuvu la Zinjanthropus tulilolikariri kwa ajili ya mtihani, alilogundua Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, linahusika na nyumba ile. Tulikariri mwaka, tukafaulu, basi. Jirani tu na hapo kuna Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribu mazao. Kivuli chake leo ni kati ya vivuli vizuri kabisa mjini, na chini yake utakuta watu wachache mno.

Mnaopenda vurugu, amkeni mapema mwende Feri. Mnada wa samaki ni tamthilia tosha. Dalali anataja bei kwa kasi ambayo hata sisi waandishi wa habari tusingeweza kuinukuu, na mnunuzi anakubali kwa kunyanyua nyusi tu. Ukimaliza, panda pantoni uvuke Kigamboni. Nauli yake haifiki hata bei ya soda, na ukigeuka nyuma unauona mji ukiwa umepangwa kama picha, minara ya Azania Front na St. Joseph ikiwa mbele. Kurudi unaweza kupita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016. Na wapenda historia wapande kwenda Kunduchi kwenye magofu: msikiti wa karne ya 15, na makaburi ambayo wenyewe waliyapamba kwa vyombo vya Kichina. Watu wa pwani hii walikuwa na mambo yao zamani.

Najua mtaniambia nini. Foleni. Joto. Vibaka. Na dada zetu wataongeza la kwao, kwamba mwanamke hawezi kukaa bustanini peke yake dakika kumi bila kusumbuliwa. Hayo yote ni kweli, na hilo la mwisho ni aibu yetu sisi wanaume. Lakini dawa yake ni watu. Mahali penye watu wengi wa kila aina, wakiwemo akina mama na watoto, msumbufu anakosa raha. Kwa hiyo nendeni kwa kundi. Sisi ndio watu wa kukaa vikao vya harusi miezi mitatu, tuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina, halafu tunashindwa kupanga matembezi ya nusu siku?

Na hili si suala la starehe peke yake. Mtaani nilikokulia kulikuwa na viwanja viwili. Kimoja kilianza kukosa watu, vijana wakahamia kwenye mabanda ya kuonyesha mpira wa Ulaya. Siku moja likamwagwa lori la mchanga. Baadaye yakaja matofali. Halafu mabati. Leo ni gereji na maegesho ya malori, na hakuna aliyeuliza kitu maana hakuna aliyekuwa anapita pale. Kile cha pili nacho waliwahi kuja watu na mabati yao. Bahati yao mbaya walikuja Jumapili, wakakuta fainali ya mbuzi na watu karibu mtaa mzima. Waliondoka na mabati yao, na kiwanja kipo mpaka leo.

Mnaona? Haikuwa barua kwa mkurugenzi wala makala ya gazeti, na nasema hivyo mimi ambaye makala ndiyo kazi yangu. Walikuwa ni watu waliokwenda kuangalia mpira. Kiwanja kisicho na watu hakina wakili. Bustani, ufukwe, magofu, vyote vina hali hiyo hiyo. Siku mtu mwenye fedha atakaposema "eneo hili halitumiki", tutamjibu nini kama kweli hatukuwahi kukanyaga?

Kwa hiyo wikiendi hii chagua kimoja tu kati ya hivi nilivyovitaja. Mchukue mdogo wako, au yule shangazi aliyekuja kutoka mkoani na anashinda ndani akiangalia luninga. Baa zitawasubiri, hazina haraka.

Naomba kutoa hoja.