Mafundi wenzangu, tuache kukata resori

Nimechoka na neno moja linalosikika katika garaji zetu za uani, kuanzia Mantapala mpaka hapa Mununga. Neno lenyewe ni "ya muda". Funga waya, ya muda. Toa termostati, ya muda. Kata resori, ya muda, mwenye gari akipata pesa atanunua zingine. Leo nataka kugombana na neno hilo, na najua nitagombana na rafiki zangu. Haya, tugombane, lakini someni kwanza mpaka mwisho.

Kwa wasionijua: mimi ni mekanisie. Kazi nilijifunzia Pweto, pale kwenye pembe ya kaskazini ya ziwa Mweru. Mwaka 2017 nilivuka na watoto, tukapita Kenani, na 2018 tukapelekwa Mantapala ilipofunguliwa. Kambini magari si mengi. Yako huku ufukweni, kwa watu wa samaki. Basi naomba kibali, nakuja Mununga, nafanya kazi chini ya mwembe wa mwenyeji wangu, siku zikikaribia kuisha narudi. Zambia ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka sharti kwenye kifungu cha 26, kile cha mtu kutembea kwa uhuru. Ndiyo maana fundi mkimbizi anafanya kazi jicho moja kwenye boliti, jicho lingine kwenye tarehe. Shikeni hilo, nitalirudia.

Sasa gari. Vijana wa huku wakipata pesa ya chisense wanataka Toyota Altezza. Siwalaumu. Ni gari zuri. Toyota ililiuza Japani kuanzia 1998 mpaka 2005, na nchi nyingine walilijua kwa jina la Lexus IS. Mwaka ule lilipotoka ndilo lilipewa tuzo ya gari la mwaka kule Japani. Mhandisi wake mkuu, Nobuaki Katayama, alitaka gari dogo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambalo dereva analisikia mikononi. Lile lenye moteri ya 3S-GE na gia sita lina nguvu za farasi 210. Lile la 1G-FE lina silinda sita, ni la upole zaidi. Dashibodi yake ina duara kubwa lenye viduara vidogo ndani, kama saa ya mkononi. Kimoja kinaonyesha joto la maji. Watu wanakipenda kwa urembo, hawakisomi.

Na hapo ndipo ugomvi wangu wa kwanza. Gari likichemka, fundi wetu anafanya nini? Anafungua, anatoa termostati, anaitupa kwenye nyasi, anasema, "Sasa maji yatapita vizuri." Huo ni uongo tunaorithishana. Termostati ni mlango. Moteri ikiwa baridi inafunga, ikifika karibu nyuzi 82 inaanza kufungua ili maji yaende kwenye rediyeta. Lakini katika moteri nyingi za Toyota mlango huo una mgongo: unapofungua njia ya rediyeta, sehemu yake ya nyuma inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi. Maji mengine ya moto yanarudi kwenye moteri bila kupita rediyeta. Kwa hiyo asubuhi gari linakaa baridi mno, kompyuta yake inadhani bado halijapata joto, inamwaga mafuta mengi. Na mchana wa Oktoba, ukiwa na abiria sita na magunia juu, linachemka kuliko zamani! Halafu tunamwambia mwenye gari, "Altezza inakunywa mafuta." Nani ameifundisha kunywa?

Ongeza kifuniko cha rediyeta kilichochoka. Ziwa letu liko karibu mita 920 juu ya bahari, na hapa maji ya sufuria yanachemka karibu nyuzi 97, hayafiki 100. Kifuniko kizima kinabana mvuke ili maji ya gari yavuke nyuzi 110 bila kuchemka. Kifuniko kilichokufa hakibani kitu. Na sisi tunakifunga kwa kitambaa na mpira wa baiskeli, kisha tunajaza maji ya ziwa yenye matope badala ya kulanti.

Sasa niseme la kwangu, maana anayewasema wenzake lazima aanze kwa kuvua shati lake.

Kijana mmoja wa hapa, mtoto wa mama anayeuza chisense, alileta Altezza yake ya fedha. Aliniambia kwa Kibemba kilichochanganyika na Kiswahili: "Mudala, iko juu sana. Nataka ikae chini kama za Lusaka." Nilijua jibu sahihi. Jibu sahihi lilikuwa: agiza resori fupi zilizotengenezwa hivyo, pamoja na amortisa zinazolingana nazo, au acha gari lilivyo, kwa sababu njia zetu zinataka gari liwe juu. Lakini ilikuwa Jumatano na kibali changu kilikuwa kinaisha Ijumaa. Mfukoni sikuwa na kitu. Nikawasha jenereta, nikachukua grainda, nikakata mzunguko mmoja na nusu kwenye kila resori. Saa nne tu, kazi imekwisha. Gari likakaa chini, likapendeza kweli. Kijana alinipiga picha nikiwa nimeegemea boneti. Nilicheka kwenye picha ile.

Resori ikikatwa inakuwa ngumu zaidi, hilo kila fundi anajua. Tunalolisahau ni kwamba inakuwa fupi hata pale gurudumu linaponing'inia. Gari likiruka tuta, gurudumu linashuka, na resori iliyokatwa haina urefu wa kulifuata. Inalegea ndani ya kiti chake. Ikirudi vibaya, inatoka. Wiki mbili baadaye, wakitoka Kashikishi, ya nyuma kushoto ilitoka. Gari likalala upande mmoja, likaingia mtaroni. Mama yake alikuwa kiti cha mbele. Alivunjika mkono, ule wa kulia anaopimia samaki.

Hakufa mtu. Lakini mama yule alikaa miezi bila kuuza, na sokoni wakasema, "Ni kazi ya fundi mkimbizi." Ndugu zangu kambini walikasirika sana kwa maneno hayo. Walisema ni ubaguzi, nijitetee. Mimi nasema hivi: ubaguzi upo, naujua, nimeula. Lakini siku ile neno lao lilikuwa na resori yangu ndani. Siwezi kupigana na dharau huku mimi mwenyewe naiwekea mafuta.

Kuna mzee mmoja kambini, fundi kunishinda, nilimweleza haya akaniambia: "Mutoto yangu, mukimbizi hatengeneze kitanda ya mulombwa. Kesho banaweza kukurudisha, utakibeba namna gani?" Namheshimu mzee. Ila nilimuuliza: baba, na usiku huu tunalala wapi? Watoto waliozaliwa Mantapala mwaka ule wa kwanza sasa wanasoma darasani. Tuliambiwa ni ya muda, tukajenga ya muda, tukala ya muda, mpaka mikono yetu imesahau kukaza boliti mpaka mwisho. Kibali changu ndicho cha muda. Mkono wa mama yule si wa muda.

Wengine watasema: maneno mazuri, pesa iko wapi? Swali la haki. Lakini hesabuni. Termostati mpya ni bei ya kuku. Gasketi ya silindahedi, pamoja na kusawazisha silindahedi iliyopinda, ni mbuzi wangapi? Umaskini hauruhusu kutengeneza mara mbili. Tajiri ndiye anayeweza kuharibu leo na kununua kesho. Sisi ndio tunaopaswa kufanya mara moja, vizuri. Na kama pesa haipo kabisa, tumwambie mwenye gari, "Liache lisimame mpaka upate." Neno hilo linauma kuliko "ya muda", najua, kwa sababu siku hiyo hatuli.

Sitaki pia mnielewe vibaya, kwamba napinga vijana kubadilisha magari yao. Hapana! Mtu aliyepoteza nyumba, au anayevua usiku kucha akisubiri marufuku ya uvuvi ya Desemba mpaka mwisho wa Februari, ana haki ya kuwa na kitu kimoja kizuri. Kijana akitaka taa, rimu, usukani mwingine, mashine yenye sauti, tumfanyie. Lakini tumfanyie kama fundi, tumweleze kila kipande kinakula nini na kinamgharimu nini. Kumficha mteja hatari ili asikimbie ni wizi, hata kama unafanywa kwa njaa.

Nilitafuta resori nzima za Altezza iliyovunjwa huko Copperbelt. Zilikuja kwa basi, nilizilipa kwa mafungu matatu. Nilimfungia kijana bila kumtoza, pamoja na termostati, na kibali changu kikaisha kabla sijamaliza, nikarudi tena mwezi uliofuata nikamaliza. Mama yake hajanisamehe kwa mdomo. Mara ya mwisho alinitumia mtoto na samaki wawili wa mpale, hakutuma neno.

Vile vipande vinne nilivyokata sikuvitupa. Viko kwenye mkebe wa maziwa chini ya mwembe. Yeyote atakayekuja tena na gari akisema, "Fundi, nikatie tu," nitamwekea mkebe mikononi kwanza, nimsimulie. Baada ya hapo, akitaka bado, aende kwa mwingine. Na huyo mwingine, tafadhali, asiwe mmoja wenu.