Sweta Moja, Chupa Moja ya Damu

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya kazi ya mikono ambayo wengi wetu tunaipenda, yaani kufuma, na pia juu ya zawadi nyingine ambayo haifumwi kwa sindano wala hainunuliwi dukani. Mambo haya mawili yanaweza kuonekana yako mbalimbali, lakini katika kikundi chetu cha akina mama tumeyaona yakienda pamoja vizuri sana.

Sisi tunaoishi kwenye baridi ya Nyanda za Juu tunajua thamani ya sweta. Mwezi wa Juni na Julai mtoto hawezi kwenda shule asubuhi bila kitu kizito mwilini. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za huku utakuta kikapu pembeni ya kiti, na ndani yake bonge la uzi lililochomekwa sindano mbili. Vyombo vikishaoshwa na watoto wakishalala, mama anakaa na kufuma safu kumi, ishirini, mpaka macho yanapokuwa mazito. Wengine hufuma ndani ya basi, wengine wakingoja zamu yao kliniki. Ni starehe yetu, na tena ni starehe inayoacha kitu mkononi.

Uzi wa bei nafuu

Malalamiko tunayoyasikia mara nyingi ni kwamba uzi ni ghali. Ni kweli. Sweta la mwanamume linaweza kula mabonge 12 hadi 14 ya gramu 50. Lakini mama mwenye akili huenda mnadani akachagua sweta la mtumba lenye uzi mzuri, akalifumua.

Kabla hujalipia, ligeuze ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Ukiona vipande viliunganishwa kwa mshono wa mnyororo, utafumua vizuri na kupata uzi mrefu. Ukiona ubavu umekatwa na kupigwa ovaloki, liache, maana kila safu itakatika na utabaki na vipande vifupi. Ukisha fumua, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne ili usijisokote, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga kidogo, kisha utundike kivulini ukiwa na kitu kizito kidogo chini yake. Uzi utanyooka na kuwa kama mpya. Mambo haya wafanye na watoto, kwa sababu mikono midogo ni hodari sana kwa kushika uzi.

Kofia ya kichanga

Mradi ambao kikundi chetu kinaupenda kuliko yote ni kofia za watoto wachanga kwa ajili ya wodi ya wazazi. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, na joto jingi hupotelea hapo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupata baridi upesi zaidi, na baridi kwake ni ugonjwa kamili. Kofia haichukui nafasi ya kifua cha mama, maana ngozi kwa ngozi ndilo joto bora, lakini inasaidia sana.

Tumia uzi wa pamba au wa akriliki usio na manyoya, maana hospitalini nguo hufuliwa kwa maji ya moto na sufu halisi hujikunja. Chukua sindano namba 8, yaani za milimita 4. Anza na mishono 72. Fuma mishono 2 ya kawaida na 2 ya kugeuza (ile ambayo uzi huletwa mbele ya sindano) mpaka upate sentimita 3. Kisha endelea safu moja ya kawaida na safu moja ya kugeuza mpaka kazi yote ifikie sentimita 10.

Sasa anza kupunguza. Fuma mishono 7, halafu 2 kwa pamoja, rudia mpaka mwisho wa safu; utabaki na 64. Safu ya kurudi ni ya kugeuza tu. Safu inayofuata fuma 6, kisha 2 kwa pamoja, na uendelee hivyo mpaka ibaki mishono 8. Pitisha uzi katika mishono hiyo, vuta, kaza, na shona ubavu. Kwa mtoto njiti anza na mishono 56, ufume mpaka sentimita 8, na katika kupunguza anza na 5, kisha 2 kwa pamoja. Usiweke kifungo, shanga wala utepe. Mtoto anaweza kuvimeza au kujinyonga navyo.

Kitu kisichofumika

Tunapopeleka kofia wodini, mara nyingi tunapokelewa kwa furaha. Lakini sisi tuliofanya kazi ya uuguzi miaka mingi tunajua kwamba ipo siku ambayo kofia iko tayari, mtoto yuko tayari, na anayekosekana ni mama.

Mama aliyetoka kujifungua akivuja damu nyingi, muda ni mfupi mno. Kwa miaka mingi tumefundishwa kwamba damu ikizidi nusu lita baada ya kujifungua ni hatari, na mama anayevuja sana anaweza kufariki katika muda wa saa mbili. Zipo dawa za kukaza mji wa uzazi, yapo mambo ambayo mkunga anaweza kuyafanya kwa mikono yake. Lakini damu iliyokwisha kumwagika hairudishwi na dawa. Hurudishwa na damu ya mtu mwingine.

Hapo ndipo ndugu huanza kukimbia huku na huku. Mume anaambiwa atafute watu wa kutoa damu, usiku wa manane, mvua inanyesha. Hata akiwapata, damu yao haiwezi kuwekwa saa ile ile. Lazima ipimwe kundi, ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Damu inayomwokoa mama ni ile ambayo tayari imepimwa na imo ndani ya jokofu. Na damu hiyo iko pale kwa sababu mtu fulani, ambaye hamjui mama huyo, alikwenda kuitoa wiki mbili au tatu zilizopita.

Katika kikundi chetu yuko mama mmoja aliyeokolewa namna hiyo. Alipojifungua mtoto wake wa tatu alivuja mpaka akapoteza fahamu. Zilikuwapo chupa mbili za kundi lake. Leo anafuma kofia za manjano, na hukaa karibu na dirisha ili aone vizuri. Tulipomuuliza kama anamjua aliyempa damu, alisema, “Simjui. Kwa hiyo kila ninayekutana naye barabarani namsalimu vizuri, huenda ni yeye.”

Si akina mama wazazi peke yao wanaohitaji damu. Wapo watoto wadogo walioishiwa damu kwa malaria. Mtoto wa kilo 10 huhitaji kama mililita 200 hivi za damu kamili, kwa hiyo hata chupa moja ni kitu kikubwa sana. Wapo wenye selimundu, majeruhi wa ajali za barabarani na wagonjwa wa upasuaji.

Hali ya nchi yetu

Hapa Tanzania Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004, na una vituo vya kanda, mathalani Dar es Salaam, Mwanza, Moshi, Tabora, Mtwara na Mbeya. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba nchi inahitaji walau chupa moja ya damu kwa kila watu mia kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Basi piga hesabu: ni chupa zaidi ya laki 6 kila mwaka.

Sehemu kubwa ya damu hii hutolewa na vijana wa sekondari. Tunawashukuru sana watoto wetu. Lakini shule zikifungwa, mwezi wa Juni na wa Desemba, akiba hupungua, na wagonjwa hawaendi likizo. Tena chembe nyekundu za damu hukaa kwenye jokofu siku 35 tu. Haiwezekani kujaza mwezi wa Machi na kula mwezi wa Julai. Hapa ndipo tunapoona nafasi yetu akina mama na waume zetu.

Nani anaweza kutoa?

Mtu mwenye afya, umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na wingi wa damu wa kutosha. Kwa mwanamke isipungue 12.5. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Kwa hiyo mume na mke wakiwa wazima wanaweza kutoa chupa 7 kwa mwaka, wao wawili tu.

Mama mjamzito asitoe. Anayenyonyesha asitoe. Aliye katika siku zake ni vema asubiri zipite. Najua wengi mtasema, basi sisi sote tumeondolewa! Sivyo. Mama mwenye mimba anaweza kushika watoto wa wenzake siku hiyo. Anayenyonyesha anaweza kufuma na kumhimiza mume wake. Zamu yake nayo itafika.

Wanaoambiwa damu yao ni pungufu wasifadhaike wala kuona haya. Wale maharage, mchicha, dagaa, na maini kila yanapopatikana, pamoja na tunda kama chungwa au pera. Tena chai msinywe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia mwili usipate madini ya chuma. Ngojeni saa moja au mbili. Kisha warudi kupimwa.

Maswali tunayoulizwa

“Je, nitadhoofika?” Kinachotolewa ni kama mililita 450, na mtu mzima ana lita nne na nusu hadi tano hivi. Maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, chembe nyekundu kwa wiki kadhaa. Siku hiyo kunywa maji mengi, kula kabla ya kwenda, na usibebe ndoo wala kuni kwa mkono uliotolewa damu. Kufuma unaruhusiwa.

“Je, naweza kuambukizwa?” Hapana. Sindano ni mpya, inatumika kwako tu na kutupwa. Tusidanganyane, ni nene kuliko ile ya chanjo, na unaisikia inapoingia. Baada ya hapo ni dakika kumi hivi za kulala na kuangalia dari.

“Naweza kwenda ili nipate kujua afya yangu?” Majibu utapewa kwa siri. Lakini mwenye wasiwasi kwamba ameambukizwa UKIMWI asitumie njia hii. Aende kwenye ushauri nasaha na upimaji. Damu ya zawadi itoke kwa mtu anayejiona salama, naye ajibu maswali ya mhudumu kwa ukweli.

“Na mume wangu akikataa?” Mzee mmoja alitukatalia akasema, “Mke wangu akidhoofika, nani atalima?” Hatukubishana naye. Tulimkaribisha aje amsindikize tu. Alipofika alikubali kupimwa, akakutwa na shinikizo la damu lililopanda, naye alikuwa hajui. Hakutoa damu siku ile, lakini alianza matibabu. Sasa ndiye anayemkumbusha mkewe tarehe.

Hesabu ya sindano

Namna ya kukumbuka tarehe ndiyo iliyotufanya tuandike haya. Miezi minne ni mirefu, na mama mwenye nyumba ana mengi kichwani. Kwa hiyo tulikubaliana: siku ya kutoa damu, kila mmoja anaanza sweta jipya pale pale kitini, akipumzika na soda yake. Kwa mwendo wa safu chache kila jioni, sweta la mtu mzima humalizika karibu na miezi minne. Likimalizika, mama anajua zamu yake imekaribia. Tunaangalia kadi pia, maana wapo wenye mikono ya upesi! Lakini sweta halisahauliki kama kadi iliyo kabatini.

Katika Matendo ya Mitume tunasoma habari za Dorkasi wa Yafa, aliyewashonea wajane nguo. Alipofariki, wajane walisimama wakilia na kuonyesha nguo alizowatengenezea. Wema wake uliweza kushikwa mkononi. Wema wa kutoa damu hauonyeshwi hivyo. Anayeipokea hakujui, wala hakuna nguo ya kuonyesha. Yuko tu mama anayerudi nyumbani na mtoto wake.

Tarehe 14 Juni kila mwaka ni Siku ya Wachangia Damu Duniani. Ni siku aliyozaliwa Karl Landsteiner mwaka 1868, daktari wa Vienna aliyegundua makundi ya damu. Kabla ya ugunduzi wake kuwekewa damu kulikuwa kama kucheza bahati nasibu. Shule nazo huwa zimefungwa au zinakaribia kufungwa wakati huo. Tungependa kila kikundi cha akina mama kinachosoma ukurasa huu kijipangie siku yake mwezi huo, na nyingine mwezi wa Desemba. Zungumzeni mapema na hospitali iliyo karibu nanyi, maana wahudumu wa damu salama huweza kuwafuata mahali mlipo mkiwa wengi.

Chukueni kikapu chenu na uzi. Foleni ikiwa ndefu, kofia moja itakwisha.