KURA ZA MIKOA

Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1995, Ndugu Benjamin Mkapa wa CCM alishinda kwa asilimia 61.8. Lakini Mkoa wa Kilimanjaro ulimpa kura nyingi Ndugu Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, mzaliwa wa huko. Wenzetu wengine wakasema, "Ukabila huo," wakafunga daftari.

Sisi hatuliafiki jibu hilo. Mrema alipata asilimia 27.8 ya kura zote. Kilimanjaro peke yake haiwezi kutoa hesabu hiyo.

Tena tuitazame Mlalo, huko Lushoto. Miaka ya 1940 na 1950 Waingereza waliwaamuru wakulima kupiga matuta milimani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Waliokataa walishitakiwa. Ilikuwa rahisi kuwaita Wasambaa wakaidi. Kazi ilikuwa kuuliza matuta yale yalikula siku ngapi za jasho, hasa la akina mama. Hatimaye amri ikafa, matuta yakaachwa.

Basi viongozi wa matawi watakapopewa matokeo ya mkoa uliotunyima kura, waende mashambani wakaulize bei ya kahawa, maji na barabara. Kabila la mgombea wanalijua tayari.