Sahani ya Masoro

Wenzangu niliowaacha shuleni huniuliza katika barua zao, "Huko Kigali mnakula wapi?" Nadhani wananiona nimeketi katika hoteli kubwa ya mjini, yenye vitambaa vyeupe mezani. La. Mimi nakaa Masoro, upande wa mashariki, penye viwanda na vyuo, na saa sita ya mchana ikifika wafanya kazi na wanafunzi hutoka pamoja kutafuta chakula.

Chakula chenyewe huitwa melanje, maana yake mchanganyiko. Unalipa bei moja, unapewa sahani moja, unajipakulia: wali, viazi, ndizi za kupika, maharagwe, ugali wa muhogo, na isombe, ambayo si kitu ila kisamvu. Nyama hujipakulii, mtu amesimama hapo na upawa, akupimie kipande chako. Kurudi mara ya pili hapana. Kwa hiyo watu hujenga sahani zao kwa ustadi, viazi vikiwa boma pembeni na maharagwe yakiwa ndani, hata chakula kikawa kilima kama vilima vya nchi yenyewe.

Siku zangu za kwanza nilicheka. Nilimwambia mwenzangu, nikidhani hapana anayetufahamu, "Mtazame yule, anakula kwa niaba ya kijiji kizima." Yule bwana, mwashi, vumbi la saruji lingali mikononi mwake, aligeuka akanijibu kwa Kiswahili kizuri: "Mdogo wangu, hiki ndicho chakula changu mpaka kesho saa hizi." Kisha akasogea, akanipa nafasi kwenye benchi. Nilishindwa kumaliza sahani yangu, na kuiacha mbele yake kulinitia haya zaidi ya maneno yangu.

Ningalijua, ningalinyamaza. Kiswahili kimesemwa tangu zamani Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya Waislamu wa mji huu, na mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya lugha rasmi. Hata pale mezani kimetangulia: sahani huitwa isahani, meza ni ameza, na mandazi ni amandazi.

Wako wanafunzi wageni ambao huu ni mwaka wao wa tatu hapa, nao hawajaonja isombe. Hununua chipsi na kuku, wakala peke yao, wakisema kwamba hoteli za wafanya kazi zitawashushia heshima. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Katika desturi ya Wanyarwanda, mtu mzima kula njiani huku anatembea ni aibu, na hata leo wengi hawapendi kuyaona mambo hayo. Lakini hao hao waogopao kushuka heshima ndio ninaowakuta barabarani wakitafuna chipsi mfukoni! Mwashi wangu hula ameketi, amenawa mikono, na humkaribisha anayekuja.

Sisemi kwamba melanje ni tamu kila siku. Ijumaa ikifika huwa nimechoka na maharagwe, nami hukimbilia duka la maziwa, ambako watu wazima hukaa na vikombe vikubwa vya maziwa mgando na chapati, wakizungumza kama wazee wa kwetu wazungumzavyo juu ya kahawa. Na pilipili ya hapa, ile ya mafuta katika kichupa kidogo, yatosha matone mawili. Mimi nilitia kama mchuzi, na sitasimulia yaliyofuata.

Sasa mwashi yule na mimi twakaa meza moja. Jioni moja tulipata sambaza wa kukaanga, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Mimi mtu wa Kigoma niliwatambua mara moja. Nikamweleza kwamba hao ni wajukuu wa dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika, waliochukuliwa na kupandwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950.

"Kumbe," akasema, "umewafuata ndugu zako." Akanisogezea kichupa cha pilipili.