Sindano ya nguvu na mtoto tunayemngoja

Tangu tuanze kuongea hapa juu ya ndoa zinazokawia kupata mtoto, ulizo moja linarudi: bwana anachoka, hamu imepungua, mtu amemwambia kwamba testosteroni yake imeshuka na apigwe sindano. Je, akubali? Na sindano hiyo itasaidia mimba au itaiharibu?

Tujibu mara moja. Bwana ambaye bado anataka kuzaa asipigwe testosteroni. Inaweza kumrudishia hamu na nguvu, na wakati huo huo ikamkausha mbegu. Tunajua neno hili linashangaza, kwa sababu wengi wetu tumekua tukisikia kwamba nguvu za kitandani na uwezo wa kuzaa ni kitu kimoja. Ni vitu viwili.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, haipiti ukubwa wa punje ya haragi. Tezi hiyo inatuma amri mbili ndani ya damu, zinaitwa LH na FSH. LH inaiambia korodani itengeneze testosteroni. FSH, pamoja na testosteroni ile iliyotengenezwa mule mule ndani, inalea mbegu mpaka zikomae. Sasa sindano ikija kutoka nje, ubongo unaona damu imejaa testosteroni na unaacha kutuma amri. Ni kama jirani anakuletea bugali iliyoiva kila jioni: nyumbani mnakula na kushiba, lakini jiko lako limezimika. Na mbegu, wamama, zinaivia kwenye jiko hilo tu. Testosteroni ya sindano inayotembea katika damu haitoshi kuzilea.

Jambo hili limepimwa kwa watu. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya wanaume 271 wa nchi 7 waliopigwa testosteroni kila juma, miligramu 200. Walikuwa wanatafuta njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume! Katika miezi sita, zaidi ya nusu yao hawakuwa tena na mbegu hata moja. Wengine walibaki nazo, kwa hiyo asiwepo mtu wa kuitumia kama kinga ya mimba.

Tunajua nyumba moja ambamo bwana alinunua sindano hizo katika farmasi bila karatasi ya munganga, akapigwa kila baada ya majuma mawili, karibu mwaka mzima. Alinenepa misuli, akacheka tena. Ndugu zake wakasema: mnaona, mtoto wetu ni mwanaume kamili, shida iko kwa mke. Huyo dada akatumia zamu yake ya likelemba kwa kupimwa, mara ya pili akapigwa picha ya mirija ya uzazi. Hakuna aliyeuliza shahawa za bwana. Siku moja muuguzi akauliza tu: bwana anatumia dawa gani? Shahawa zikapimwa, mbegu sifuri. Sindano zimesimamishwa. Leo bado wanangoja.

Kungoja kwenyewe kuna muda wake. Kwa wanaume waliokuwa wazima mbele ya sindano, karibu tisa kati ya kumi mbegu zinarudi ndani ya mwaka mmoja, na wachache wanafika miaka miwili. Kwa yule ambaye mbegu zilikuwa chache tangu mwanzo, hakuna anayeweza kumwahidi kitu. Na mke mwenye miaka 38, mwaka mmoja kwake si kidogo.

Basi tuanzie wapi? Kwanza kujua kama kweli imeshuka. Uchovu unaweza kutoka kwa malaria, kwa upungufu wa damu, kwa sukari, kwa mawazo ya kazi iliyopotea. Damu ya kupima testosteroni inatolewa asubuhi, mbele ya kula, na inarudiwa siku nyingine. Ikiwa chini mara zote mbili, ndipo zinapimwa LH na FSH, na hapo ndipo penye jibu. Zikiwa juu, ubongo unapiga kelele na korodani haisikii: labda iliumia, labda matubwitubwi ya ujana yaliiharibu. Kuiamsha kwa dawa ni vigumu. Zikiwa chini, amri ndiyo inayokosa, na mara nyingi hilo linatibika.

Kipimo cha shahawa kinafanyika mapema, pamoja na vipimo vya mke, si baada ya mke kumaliza pesa zote. Bwana anajizuia siku mbili mpaka saba, kisha anatoa. Mbegu inachukua karibu miezi miwili na nusu kukomaa, kwa hiyo dawa yoyote isihukumiwe mbele ya miezi mitatu.

Kuna yanayosaidia bila dawa: kupunguza tumbo kwa aliyenenepa, kulala, kupunguza pombe, kanyanga zaidi. Tramadoli inayouzwa kama pipi kwa vijana na madereva inazima amri za ubongo pia. Hili hatulisemi vya kutosha.

Kwa dawa, munganga anaweza kuchagua klomifeni, vidonge ambavyo baadhi yetu tumepewa ili yai litoke. Kwa mwanaume vinaushawishi ubongo uongeze amri, na jiko linawaka lenyewe. Havimfai kila mtu, na visinunuliwe kwa kuambiwa na jirani. Nyingine ni sindano ya hCG, homoni ile ile inayoonekana kwenye kipimo cha mimba. Kwa miaka mingi imetolewa katika mkojo wa wanawake wenye mimba. Inafanya kazi ya LH, mara mbili au tatu kwa juma, kwa miezi mingi, na wengine wanaongezewa FSH. Ni ghali. Tunasema hivyo ili familia ijue mbele ya kuuza mbuzi.

Testosteroni yenyewe ina watu wake: wenye upungufu uliothibitishwa ambao wamemaliza kuzaa. Hao wanafuatwa kwa vipimo, maana damu inaweza kuwa nzito, na tezi dume inaangaliwa. Anayepakwa ile ya mafuta aoshe mikono na afunike ngozi. Mtoto akiigusa mara kwa mara anaweza kuota nywele za utu uzima akiwa bado mdogo, na mama mwenye mimba asiiguse kabisa.

Kuhusu kumwambia bwana: si mbele ya mama mkwe, na si usiku ule ambao mambo hayakwenda. Tafuteni siku ya kawaida, mwende wawili. Mbebe karatasi zote za vipimo na vichupa vya kila dawa anayotumia, hata zile za soko na za salle ya mazoezi, hata zile anazoona aibu kutaja.