Kitufe Kimoja au Viwili?

Mama alipostaafu ualimu, wenzake wa chama walimpa ukatibu. Nami nikamnunulia kipakatalishi cha mtumba hapa Nairobi ili aachane na daftari. Wiki mbili baadaye nilimkuta ameirudia kalamu.

"Mwanangu, chombo hiki si cha rika langu," akasema.

Maneno hayo yalinichoma. Huyu ndiye aliyenifunza kushika penseli.

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo. Nilikuwa nimemwambia abofye kulia ili anakili orodha ya michango. Kulia gani? Kipakatalishi kile kina kibao laini cha kugusa, bila kitufe hata kimoja cha kuonekana wala cha kupapasa.

Ubishi wa vitufe si wa jana, msomaji. Douglas Engelbart alipoonyesha kipanya hadharani huko San Francisco, Desemba 1968, kilikuwa na vitufe vitatu. Kampuni ya Apple ilipotoa tarakilishi ya Lisa mwaka wa 1983, kisha Macintosh mwaka wa 1984, ikabakisha kimoja. Larry Tesler alikuwa miongoni mwa waliokitetea hicho kimoja. Hoja ilikuwa na uzito: kitufe kikiwa kimoja tu, mgeni hawezi kubonyeza kisichofaa.

Hoja hiyo siibezi. Lakini kazi ya kitufe cha pili haikutoweka, ilifichwa tu. Mwenye Macintosh alikuja kutakiwa ashikilie kitufe cha Control huku akibofya, na nani angebahatisha hilo bila kuambiwa? Siku hizi kwenye vipakatalishi vingi unagusa kibao kwa vidole viwili kwa pamoja, au unabonyeza pembe ya chini, upande wa kulia. Kijana wa chuo huyajua haya kwa kuchezacheza. Mtu wa miaka sitini na ushei hugusa, menyu isitokee, aguse tena, kisha ajilaumu mwenyewe. Ati yeye ndiye mjinga!

Hata watengenezaji wamewahi kurudi nyuma. Kampuni ya Lenovo iliviondoa vitufe vilivyokuwa juu ya kibao cha kugusa katika ThinkPad T440. Wateja waliovizoea wakanung'unika, na T450 ya mwaka wa 2015 ikaja navyo tena.

Mimi nasema viwili, na viwe vya kupapaswa. Ukienda dukani kumnunulia mzazi, usihadaike na wembamba wa chombo. Weka kidole chake pale, umwulize anahisi nini.

Mama nilimnunulia kipanya cha waya, cha bei ya chini kabisa, nikabandika kipande cha plasta kwenye kitufe cha kulia. Jumapili iliyopita alinipigia simu asubuhi na mapema. Hakunisalimu hata. Alitaka kujua jinsi ya kuongeza safu kwenye jedwali, maana kuna wanachama wawili ambao hawajalipa faini tangu Machi.