Homa ya dengi: Mvua hutangulia, vifo hufuata

Mwaka 2023, Burkina Faso ilipigwa na mlipuko mkubwa wa homa ya dengi. Wagonjwa walioshukiwa kuwa nayo walipita 140,000, na waliokufa walipita 600. Namna ugonjwa huo ulivyoenea ina mafunzo kwa wakaaji wa mashariki mwa Kongo.

Kwanza ni mahali. Ulishika zaidi Ouagadougou, mji mkuu, na Bobo-Dioulasso, mji wa pili kwa ukubwa. Dengi ni ugonjwa wa mijini. Mbu wake hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama karibu na nyumba: ndani ya pipa, bidoni iliyo wazi, kopo au tairi bovu. Mahali ambapo bomba halitoi maji kila siku, kila familia huweka akiba, na mbu anapata pa kuzalia. Tena huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi.

Pili ni wakati. Burkina Faso mvua hunyesha hasa kati ya mwezi wa sita na wa tisa, lakini wagonjwa walizidi mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Bangladesh, ambako vifo vilifika 1,705 mwaka huohuo, mwezi wa tisa ndio ulioua wengi zaidi, ilhali mvua kubwa huanza mwezi wa sita. Serikali inayongoja hospitali zijae ndipo ipambane na mbu inakuwa imekwisha kuchelewa.

Lakini mbu peke yake haelezi vifo vyote. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linasema mgonjwa mahututi akitambuliwa mapema na kutunzwa vizuri, hatari ya kufa hushuka chini ya asilimia 1. Shida ni kwamba hatari huja mara nyingi homa inaposhuka, wakati familia inadhani mgonjwa amepona. Maumivu makali ya tumbo, kutapika bila kukoma, damu kutoka puani au kwenye fizi: hizo ni dalili za kukimbilia hospitali. Aspirini na ibuprofeni, ambazo wengi hununua wenyewe dukani, huzidisha hatari ya kutokwa damu.

Je, hayo yanatuhusu? Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria, na kwetu karibu kila homa huitwa malaria. Virusi vya dengi vimekwisha kupatikana kwa wagonjwa wa Kinshasa. Dar es Salaam, ambako wafanyabiashara wetu huchukua mizigo, ilipata milipuko mwaka 2014 na 2019. Joto la Uvira, Kalemie na Kindu linamfaa mbu huyu kuliko baridi ya Bukavu.

Mgonjwa ambaye kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, kisha akapewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani, akifa hataandikwa kokote kama mgonjwa wa dengi. Vituo vya afya vinahitaji vipimo vya dengi, walau katika miji ya joto. Na kazi ya kufunika mapipa na kuondoa matairi ifanyike mwezi wa nane, kabla mvua za Kivu hazijarudi.